Mikindani, ratiba ya kushuti inapangwa kwa mwezi

Sini ninayoipenda kuliko zote kwenye filamu yetu ya chuo ni ya mama anayeokota chaza ghubani, mwanawe anamfuata kumuaga kwamba anakwenda Dar. Kwenye skripti haijai hata kurasa mbili. Ila ilihitaji asubuhi kadhaa, na ghuba ya Mikindani, karibu na Mtwara, haisubiri mtu: maji yakikupwa tope linatandaa hadi mbali, yakijaa huna pa kusimama na kamera.

Barua ya chuo tulimpelekea mwenyekiti wa mtaa, hapo hapakuwa na tatizo. Kabla ya kuandika ratiba nikaenda kwa babu mmoja anayeshona nyavu jirani na tulipofikia. Nikamwamkia, nikamweleza tunataka kurudi palepale, saa ileile, kila siku. Akaniuliza, "Mwezi una siku ngapi, mwanangu?" Alimaanisha mwezi wa angani, maana maji huufuata huo.

Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Leo maji yakiwa chini kabisa saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano kasoro dakika kumi. Tena lazima iwe bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha. Kwa hiyo ukiyafuata maji, jua linakuhama. Kufika saa sita liko utosini, macho ya mwigizaji yanazama kwenye kivuli.

Tukaigawa sini kwa mwanga. Siku ya kwanza ya bamvua tulipiga picha zote pana na nyuso, mapema. Siku zilizofuata, jua likiwa kali, tukabaki na miguu, mikono na kikapu, wenzetu wawili wakishikilia shuka jeupe juu kwa mianzi ili kulipunguza makali. Boksi lililofunikwa karatasi ya kung'aa ya jikoni likarudisha mwanga usoni pale ulipopungua. Sioni kwa nini mwanafunzi akope taa kwa kazi hii.

Kina mama wanaookota chaza kwelikweli walikuwepo pia. Tuliwaomba ruhusa, waliokataa tukageuza kamera. Hakuna tuliyemwambia arudie kutembea. Saa zile chache za kupwa ndizo za kazi yao, na ninaamini filamu yoyote inayomsimamisha mtu kazini kwa ajili ya pembe nzuri imeshampotezea heshima.

Sauti ndiyo ilitutesa zaidi. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na hata maiki tuliyoivika kitambaa cha manyoya ilileta mngurumo mtupu. Mazungumzo tukayarekodi upya jioni, chumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani. Mwigizaji wetu wa mama alisema hawezi kuongea maneno yale akiwa ameketi. Tukamletea tope kwenye beseni, akalikanyaga huku anaongea, maiki moja mdomoni, nyingine miguuni. Hatua zote zinazosikika kwenye sini ile zilitoka humo.