Bei ya daftari la madeni: kwa nini nimechagua malipo ya wiki

Kwa miezi minane nimekuwa nikitengeneza programu ya simu inayomsaidia mwenye duka la rejareja kutunza hesabu za mauzo na madeni, na katika muda huo wote hakuna kilichonisumbua kama swali la bei. Mwanzoni niliweka shilingi 60,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kingetosha kulipia seva na kunibakizia chochote, nikawapelekea wenye maduka wanane wa Mbagala, Dar es Salaam, waliokuwa wameijaribu bure. Wote waliisifu, na hakuna hata mmoja aliyelipa.

Mama mmoja mwenye duka ndiye aliyenieleza sababu, huku akimpimia mteja mafuta ya kula ya shilingi 500. "Mwanangu, elfu sitini ni mchele na sukari yangu. Nikikupa leo, wiki ijayo nitauza nini?" Nilikuwa nimepanga bei kwa kuangalia gharama zangu, bila kuangalia jinsi fedha zinavyoingia na kutoka katika duka ambalo mtaji wake haupaswi kulala hata siku moja, na ambalo mwenyewe hununua hata kifurushi cha intaneti cha siku au cha wiki.

Kwa hiyo niliweka shilingi 1,500 kwa wiki. Nilipopiga hesabu nikakuta kwamba wiki 52 zinafika shilingi 78,000, maana yake mwenye mtaji mdogo angelipa zaidi ya mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo, na jambo hilo lilinikosesha raha. Baada ya kulitafakari sana, niliamua kwamba atakayekwisha kulipa wiki 40 ndani ya mwaka hatadaiwa zilizobaki, kwa kuwa wakati huo atakuwa ametimiza zile zile shilingi 60,000. Matangazo niliyakataa mapema, kwa sababu yanamla mteja kifurushi chake.

Mahali pa kuuzia palikuwa na ugumu wake. Julai 2021 Google Play, duka la mtandaoni la programu za simu za Android, ilishusha makato yake kutoka asilimia 30 hadi 15 kwa dola milioni 1 za kwanza za mapato ya mwaka, na kwangu hiyo ingekuwa shilingi 225 katika kila 1,500, makato ambayo ningeweza kuyavumilia. Kilichonizuia ni kwamba wateja wangu wamezoea kulipa kwa pesa za simu, tena pale wanapotaka wenyewe, na hawapendi malipo yanayojikata. Nimeamua kuuza moja kwa moja, nikijua kwamba simu za Android humwonya mtu anapoweka programu iliyotoka nje ya Google Play, na kwamba onyo hilo humtia hofu asiyenifahamu. Ndiyo maana nitaanza na maduka ninayoweza kuyafikia kwa miguu, niiweke programu mbele ya mwenye simu na kumweleza kila hatua.

Muda wa malipo ukiisha, programu itaacha kupokea maingizo mapya, lakini madeni yaliyokwisha kuandikwa yataendelea kusomeka na kunakiliwa bila malipo, kwa sababu orodha ya wanaomdai na anaowadai ni mali ya mwenye duka, wala sina haki ya kuifungia ili nimlazimishe kulipa.