Dakika 33: nilivyoanza kuchangia programu huria za uchambuzi wa data

Mama mdogo wangu analima mwani Jambiani. Kilimo hiki kilishika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wanawake wa rika lake ndio waliokianza. Hawaingii shambani kila siku. Wanangoja bamvua, zile siku mwezi unapoandama au kupevuka, maji yakapwa hadi mbali na vijiti vikabaki wazi. Maji mafu yakiingia wanakaa nyumbani na kamba zao.

Mwaka 2021 nilikuwa nishaandika programu kwa miaka minne, kazi za kulipwa, mifumo ya hoteli na maduka. Nikataka kumtengenezea mama mdogo ratiba ya maji ya mwezi mzima, karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye saa zetu wenyewe: saa nne asubuhi, saa kumi alasiri. Data zipo bure. Kipimo cha maji cha bandari ya Zanzibar kinarekodi tangu miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Hawaii kinahifadhi vipimo hivyo vya saa kwa saa na kumpa yeyote anayevitaka. Zana nazo ni bure, programu huria ambazo msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Nilichukua NumPy kwa mahesabu, pandas kwa tarehe, na maktaba moja ndogo, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie, ya lugha ya programu iitwayo Python, iliyoandikwa mahsusi kwa ajili ya kupwa na kujaa.

Maktaba za aina hii zinafanya kazi kwa njia ninayoipenda sana. Mvuto wa mwezi na jua juu ya bahari hugawanywa katika mawimbi mengi, kila moja na muda wake unaojulikana. Kubwa kuliko yote kwetu ni la mwezi, linaloitwa M2, ambalo huzunguka kwa saa 12 na dakika 25. La jua, S2, ni saa 12 kamili. Yakienda pamoja tunapata bamvua, yakipingana tunapata maji mafu. Unaipa programu vipimo vya mwaka mmoja au zaidi, inatafuta kila wimbi lina kimo gani na linafika kileleni lini, kisha inayajumlisha kwa siku zijazo. Ratiba yangu ya mwishoni mwa Machi ilipotoka, na tofauti ya karibu mita 4 kati ya maji kujaa na maji kupwa, nilijua nimepata kitu. Machi ni mmoja wa miezi ya bamvua kubwa, na namba zilikuwa zinasema hivyohivyo.

Nikachapa karatasi, nikampelekea. Siku chache baadaye nikampigia simu.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Karatasi yako nzuri, lakini saa zake si za maji haya.”

“Kwa vipi?”

“Umeandika saa nne maji yashapwa. Nafika saa nne, maji bado yaenda. Nakaa juu ya gunia mpaka saa nne u nusu ipite ndo yasimama. Siku ya kwanza nikasema labda upepo. Leo ya tatu, vilevile.”

Nikamweleza kwamba kipimo kiko bandarini Mjini, na Jambiani ni upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo huenda maji yanachelewa kufika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maji ya Mjini anayajua na ya kwao anayajua, na hayaachani namna hiyo.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuchapa. Nilipakua vipimo halisi vya kipimo kilekile cha bandarini, nikaviongezea saa 3 kwa mkono, maana vimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, nikavichora pamoja na ratiba yangu. Milima miwili ya maji ilikuwa na umbo moja na kimo kimoja, lakini wa ratiba ulitangulia wa kweli kila mara. Hapa hakuna upande wa pili wa kisiwa, ni bandari ileile. Nikairudisha ratiba yangu ndani ya programu kama vile ni vipimo, niione M2 yake. Ilikuwa imesogea nyuzi 16. Mzunguko mzima wa wimbi ni nyuzi 360, na M2 huenda karibu nyuzi 29 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 16 ni dakika 33.

Namba hiyo ilinikosesha usingizi. Mtu akisahau tofauti ya saa kati yetu na UTC anakosea kwa saa tatu nzima. Akikosea kipimo cha saa moja anakosea kwa saa moja au nusu yake. 33 inatoka wapi?

Nikaanza kuchapisha kwenye skrini kila hatua ya msimbo, mstari kwa mstari, mpaka likatokea hili:

<DstTzInfo 'Africa/Dar_es_Salaam' LMT+2:27:00 STD>

LMT ni saa ya jua ya mahali, saa iliyotumika kabla nchi hazijakubaliana saa moja. Saa tatu kutoa saa 2 na dakika 27 ni dakika 33.

Nikakaa kimya mbele ya kompyuta. Kuna hifadhidata moja ya saa za dunia nzima ambayo karibu kila simu na kompyuta inaitegemea. Ndani yake Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu cha Africa/Nairobi, kwa sababu saa za miji hiyo zimekuwa sawa kwa miongo mingi. Nairobi iko longitudo ya nyuzi 36 na dakika 49 mashariki, nyuzi moja ikiwa na dakika 60. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za saa. Piga hesabu: saa 2, dakika 27, sekunde 16. Hiyo ndiyo saa ya Nairobi ilivyoandikwa kwa miaka ya kabla ya 1908, na ndiyo iliyokuwa ikimpangia mama mdogo wangu muda wa kwenda shambani. (Kwa wapenda historia: kati ya 1937 na 1942 hifadhidata hiyohiyo inaipa Nairobi saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Nimewaonyesha watu wengi mstari ule na hakuna aliyewahi kuusikia.)

Maktaba ya Python iitwayo pytz ndiyo inayosoma hifadhidata hiyo, na maelezo yake yanaonya wazi: usiibandike saa ya eneo moja kwa moja kwenye tarehe, tumia njia yake maalumu, la sivyo utapewa saa ya kale kabisa iliyomo. Nikadhani nimekosea mimi. Nikatafuta mstari huo kwenye msimbo wangu, sikuuona. Ulikuwa ndani ya ile maktaba ya kupwa na kujaa, katika kitendaji kidogo, kipande cha msimbo chenye kazi moja, cha kugeuza saa za eneo kuwa UTC. Mstari mmoja.

Hapo ndipo nilipokwama siku tano. Nilikuwa nimetumia programu huria tangu nianze kazi bila kuandika hata neno moja kwa walioziandika. Waliotengeneza maktaba hii walikuwa wataalamu wa bahari huko Ulaya, na mimi ni mtu wa mifumo ya maduka. Niliandika ripoti, nikafuta, nikaandika tena kwa Kiingereza changu cha skuli. Mwishowe nikaacha kueleza sana. Nikaweka mistari minane ya msimbo ambayo mtu yeyote angeweza kuinakili na kuiendesha: tarehe moja, eneo moja, jibu linalotoka na jibu linalotakiwa. Chini yake sentensi mbili. Mpaka leo, nikiripoti kasoro, nafanya hivyohivyo. Mistari minane inayoendeshwa haimuulizi mtu umetoka wapi wala umesoma nini.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Msimamizi aliniambia amejaribu, ameona, na anashangaa kwa sababu kitendaji kile kina jaribio, msimbo mdogo wa kuhakiki majibu yake, na jaribio linapita kila siku. Nikaenda kulisoma. Lilikuwa linatumia Europe/London, na linaruhusu tofauti ya hadi dakika 5. Saa ya kale ya London inaachana na Greenwich kwa dakika moja na sekunde kidogo. Kosa lilikuwepo hata kwao, ila kwa tarehe za majira ya baridi lilikuwa dogo kiasi cha kupita chini ya mlango. Hata mtu wa Berlin, majira hayo, angepoteza dakika 7 tu, na kwa data za saa kwa saa nani angeziona? Ilibidi mtu awe huku kwetu, akae juu ya gunia akingoja maji.

Akaniuliza kama ninataka kurekebisha mwenyewe. Nikasema ndiyo kabla sijajua kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo. Python 3.9 ilikuwa imetoka Oktoba 2020 na moduli mpya, zoneinfo, ambayo haina mtego ule. Nikaondoa pytz, nikaweka hiyo, nikatuma ombi langu la kwanza la kuunganisha msimbo. Likarudi na maoni kumi na moja. Nilikasirika kwa muda wa saa moja hivi, kisha nikayasoma polepole na kuona kwamba kila moja lilikuwa na sababu. Kwanza, nitenganishe mambo mawili niliyoyachanganya, maana nilikuwa nimepanga upya na mafaili yasiyohusika. Pili, niandike jaribio linaloanguka kabla ya kuandika dawa, ili kila mtu aone linaanguka kisha aone linapita. Tatu, watumiaji wengi bado walikuwa kwenye Python za nyuma, na kule zoneinfo haipo, kwa hiyo niweke ile nakala yake iliyotengenezwa kwa matoleo ya zamani.

Majaribio niliyaandika kwa moyo wote. Nairobi na Dar es Salaam kwanza. Kisha Kolkata, ambako saa ya kale ni 5 na dakika 53 na ya leo ni 5 na nusu, kwa hiyo kosa linakwenda upande wa pili, dakika 23 za kuchelewa badala ya kutangulia. Nilitaka mtu yeyote atakayegusa kitendaji kile baadaye akutane na miji hii mitatu kabla hajaikuta bahari ya kwake. Kiwango cha kuruhusu tofauti nikakitoa kwenye dakika 5, nikakiweka sekunde sifuri.

Kwenye kompyuta yangu yote yakapita. Nikatuma. Kwenye mitambo ya majaribio ya mradi, Linux ikapita, Mac ikapita, Windows ikaanguka kwa kila mji niliouandika. Sikuwa na Windows. Bando lilikuwa linaishia, umeme ulikatika mara mbili usiku ule, na kila nilipobadilisha neno moja nilisubiri dakika ishirini kuona jibu. Sababu ilikuja kuwa hii: Linux na Mac zina hifadhidata ya saa ndani ya mfumo wenyewe, zoneinfo inaikuta pale. Windows haina ya namna hiyo. Lazima uifungashe pamoja na programu yako, kifurushi kiitwacho tzdata. Mstari mmoja tena, katika faili ambalo sikuwahi kulifungua.

Wiki sita baada ya ripoti, ombi langu liliunganishwa. Jina langu likaingia kwenye orodha ya wachangiaji, na nilimwonyesha mke wangu, mama yangu na jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Kuna ombi moja ambalo halikukubaliwa, na nadhani walikuwa sahihi. Nilipendekeza maktaba iweze kutoa saa za Kiswahili moja kwa moja. Kutoa sita ni rahisi, kazi iko kwenye maneno: alfajiri inaishia wapi, mchana unaanza saa ngapi, alasiri ni saa tisa au saa kumi? Msimamizi alisema maktaba ihesabu maji, na namna ya kuyaandika abaki nayo mtumiaji. Nimeitenga sehemu hiyo kama programu yake ndogo, huria vilevile, na sasa inatumika kwenye ratiba za vijiji viwili. Baadaye nilihamia kwenye kusahihisha maelezo ya matumizi, kuongeza mifano ya data za maeneo yasiyo Ulaya, kujibu ripoti za watu wapya. Jioni moja au mbili kwa wiki. Ripoti za tarehe na saa wananipa mimi.

Ratiba mpya nilimpelekea mama mdogo mwenyewe, kwa daladala, nikalala kwake ili asubuhi twende pamoja. Karatasi ilisema saa tano kasoro dakika kumi. Tulisimama kwenye vijiti vya shamba lake, maji kwenye vifundo vya miguu, yakienda taratibu kati ya kamba, mpaka vipande vya majani vilivyokuwa vinaelea vikaacha kwenda. Nikatazama simu. Akaniangalia, hakusema kitu, akainama akaanza kufungua mwani.

Jioni, akikausha mikono, akaichukua tena karatasi.

“Mbona hujaweka tarehe za mwezi?”

Nikamwambia mwezi hauhesabiwi kuwa umeandama kwa programu, mpaka watu wauone.

“Basi niachie nafasi.”

Tangu hapo kila ratiba ina safu moja tupu upande wa kushoto. Mwezi ukiandama anaijaza mwenyewe kwa kalamu, tarehe mosi mpaka mwisho.