Nilivyojifunza kusali na daftari la madeni

Nina duka dogo la rejareja huku Muyeye, mjini Malindi, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimeuza vitu ambavyo watu wetu hununua kwa vipimo vidogo: unga kwa kibaba, sukari kwa robo, mafuta ya kupima, sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Mwenye duka la namna hii hana budi kukopesha, na asiyekopesha hukaa na mali yake mpaka iingie wadudu. Madeni yenyewe hufuata upepo. Kaskazi ikivuma, hoteli huwa na wageni, bahari hutulia na wavuvi hutoka, kwa hiyo watu hulipa. Pasaka ikishapita na kusi kuanza, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, bahari huchafuka, na mto Sabaki, ukishajaa mvua za bara, huyageuza maji ya ufuo wetu kuwa na rangi ya udongo. Hapo ndipo daftari langu hunenepa.

Wakati huo nilijihesabu kuwa Mkristo mwenye bidii. Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani tunaosali pamoja, nilisali rozari kila jioni, na Kwaresima nilifunga kila Ijumaa. Dukani, hata hivyo, nilikuwa mtu mwingine, wala sikuona kasoro yoyote katika hilo, kwa kuwa niliamini kwamba sala ina mahali pake na mizani ina mahali pake. Juu ya dirisha la duka nilikuwa nimebandika karatasi yenye maneno ambayo kila Mswahili anayajua: kukopa harusi, kulipa matanga.

Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipokuwa imepita shilingi 200, alikuja dukani msichana wa miaka minane hivi, ameshika chupa tupu ya soda kwa mkono mmoja na karatasi iliyokunjwa kwa mkono mwingine. Mama yake aliomba unga kibaba kimoja na mafuta ya shilingi ishirini, akaahidi kulipa Jumamosi. Palikuwa na wateja wanne wamesimama. Ningeweza kuikunja ile karatasi na kumwambia mtoto asubiri kidogo, lakini niliisoma kwa sauti, kisha nikafungua daftari na kumsomea deni la mama yake lote, shilingi 1,870, nikamwambia: “Mwambie mamako duka si la baba yake.” Mteja mmoja alicheka. Mtoto hakusema neno. Aliigeuza ile chupa, akaishika shingoni kama mtu anayebeba samaki, akaondoka nayo tupu.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu kuongoza rozari ya jumuiya. Ningependa kueleza kwamba nilikwama nilipofika kwenye Baba Yetu, lakini haikuwa hivyo. Niliisali mara zote zinazotakiwa bila kigugumizi, nikalala vizuri.

Kilichonishtua kilikuja wiki iliyofuata. Nilitakiwa kuandaa somo la Mathayo sura ya 6, na kwa kuwa Biblia yangu nilikuwa nimemwazima mtu, nilichukua ile ya marehemu mama yangu, aliyekuwa Mwanglikana kabla ya kuolewa. Ni Biblia ya zamani, ya tafsiri ya Muungano, iliyochakaa jalada. Sisi Wakatoliki tangu utotoni husali “utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea,” na neno makosa ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kupita ndani yake asiguse ukuta. Biblia ya mama ilikuwa imeandikwa hivi: “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.” Wadeni! Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maharagwe, na wadeni wangu walikuwa hapo pembeni, wamepangwa ukurasa baada ya ukurasa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Najua kwamba wafafanuzi wa Maandiko husema deni hapo lina maana ya dhambi, nami sibishani nao. Lakini mwenye duka hawezi kulisoma neno lile kama mtu mwingine.

Nikaamua kwamba kila alfajiri, kabla ya kufungua dirisha, nitasali nikiwa na lile daftari mapajani, ukurasa mmoja kwa siku, jina baada ya jina. Nilidhani nimepata njia takatifu sana. Kumbe, kwa muda wa wiki tatu za mwanzo, sala yangu ilikuwa ni kudai madeni kupitia mbinguni: Ee Bwana, mguse fulani akumbuke mia nne zangu, Ee Bwana, mfungulie fulani kazi ili anilipe. Mungu aniwie radhi, nilifika hata kumtajia tarehe.

Njia ilianza kunyooka nilipogundua kwamba nikimaliza kutaja jina na kiasi, sina la kuongeza. Kuna watu niliowauzia chumvi kwa miaka sita na sikujua wana watoto wangapi. Nikajiwekea sharti kwamba nisimwombee mtu mpaka nijue jambo moja juu yake ambalo halimo daftarini. Sharti hilo lilinilazimu kuuliza hali za watu na kusubiri jibu, jambo ambalo dukani ni gumu kuliko linavyosikika, kwa maana mkono unapima huku jicho likimtazama mteja wa nyuma. Nilijua hivyo kwamba kijana mmoja niliyemwita mvivu alikuwa akimuuguza baba yake aliyepooza, na kwamba mzee mmoja niliyemhurumia sana alikuwa na nyumba mbili za kupangisha. Sala iliyojengwa juu ya habari za kweli si lazima imfanye mtu kuwa mpole. Yule mzee nilimwendea nyumbani kwake, nikamdai kwa adabu, tena bila watu kusikia, akalipa.

Jambo la muda lilinisumbua pia. Nilitaka kusali Malaika wa Bwana, ile sala ya Wakatoliki ya saa sita mchana, lakini kengele ya kanisa haifiki kwetu, na saa sita ndipo akina mama wanapokuja kununua vitu vya chakula cha mchana. Aliyenisaidia hakujua kwamba ananisaidia. Ng'ambo ya barabara kuna mzee Mwislamu anayeuza kahawa na kashata, na adhana ya adhuhuri ikilia hufunika meza yake kwa kitambaa, hunipungia mkono nimwangalizie vitu vyake, akaenda. Hafungi hesabu wala hamalizi mazungumzo. Basi nami nikaifanya adhana ile kuwa kengele yangu. Tangu hapo, yeye akivuka kuelekea msikitini, mimi husimama nyuma ya mizani na kusali, jicho langu likiwa juu ya dele lake la kahawa. Siku nilipomweleza, alicheka sana, akasema, “Basi mama, thawabu zako na mimi nina fungu langu humo.”

Katika kusoma nimekutana na habari moja ya mji wetu ambayo hunifurahisha kila nikiikumbuka. Mtakatifu Fransisko Xavier alipitia Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, na katika barua yake alieleza jinsi Mwislamu mmoja mheshimiwa wa hapa alivyomuuliza kama Wakristo huenda kanisani na kama wana bidii katika sala, akilalamika kwamba katika misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Kwa hiyo swali la kama watu wa Malindi wanasali kweli ni la zamani kuliko duka langu, na aliyeliuliza hakuwa padre.

Nirudi kwa mama wa yule mtoto. Jina lake lilikuwa katika ukurasa wa kumi na moja, na kila nilipolifikia nilikuwa nalipita upesi. Mwezi wa Septemba nikaamua kumsamehe. Nilipiga mstari juu ya zile shilingi 1,870, nikafurahi mwenyewe, nikajikumbusha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, nikanyamaza. Lakini mama yule aliendelea kupita uchochoro wa nyuma, amejifunika leso hadi machoni, akitembea mwendo mrefu kwenda kununua duka la mbali lenye bei ya juu kuliko yangu. Siku moja mvua inanyesha nilimwona akipita hukohuko na unga kichwani. Hapo nilifahamu kwamba msamaha wangu ulikuwa umekaa daftarini tu na haukuwa umemfikia mtu. Mimi ndiye niliyepata raha nao, naye alikuwa bado analipa kwa miguu.

Yesu alisema kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Neno hilo nimelisikia likihubiriwa mara nyingi, na kila mara nilifikiria watu wanaopaswa kuja kwangu.

Nilipanga nisiende na unga mkononi, kwa maana kumpelekea unga mtu uliyemnyima unga mbele za watu ni kumkumbusha, si kumstahi. Yeye hushona makuti ya kuezekea, nami banda la mbele ya duka lilikuwa linavuja, kwa hiyo nilikwenda kama mteja. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe, ukindu ameubana kwa meno, akikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyabana kwa mshono, jani juu ya jani, bila kuyatazama. Alinikaribisha kigoda. Nilitaka kuanza na bei, nikaona nitakuwa naizunguka habari, nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi kwa yale niliyomwambia mtoto, na kwamba deni nimelifuta.

Hakuinua macho mpaka alipomaliza mshono. Kisha akasema, polepole, “Usilifute, mama. Deni langu ni la unga, na hilo nitalilipa, mimi si ombaomba. Wewe una deni la neno. Na hilo si langu, ni la mtoto. Kamwambie yeye.”

Akamwita. Yule msichana alitoka ndani akijifuta mikono, akasimama nyuma ya bega la mama yake. Nimewahi kuungama kwa mapadre wengi, lakini sijawahi kutafuta maneno kwa taabu kama siku ile mbele ya mtoto wa darasa la pili. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba yeye hakuwa na kosa, na kwamba sitarudia. Akamtazama mama yake, akaitikia “haya,” akarudi ndani. Hakukuwa na kukumbatiana. Deni lilikatwa kwa makuti, tulihesabu pamoja, na yaliyozidi nikayalipia taslimu. Baada ya wiki kama mbili mtoto alikuja dukani na chupa, na pesa zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso.

Tangu hapo nimebadili mambo kadhaa, mengine madogo sana. Karatasi ya kukopa harusi niliibandua. Deni la mtu silisemi mbele ya mwingine, na mtoto simtumi maneno ya deni. Nyuma ya daftari nimetenga shilingi 1,500 kila mwezi kwa ajili ya wale ambao najua kwa hakika hawana, na fungu hilo likiisha limeisha, kwa sababu duka la jumla halipokei sala, na duka langu likifa hakuna nitakayemfaa. Mtu nikimsamehe humwambia, ana kwa ana, na humwachia nafasi ya kukataa.

Aprili 2023, wiki mbili hivi baada ya Pasaka, habari za msitu wa Shakahola zilianza kutoka, na miili ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ikaanza kuletwa katika mji huu huu. Kabla ya mwisho wake ilikuwa imefukuliwa zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Kwa miezi kadhaa maneno kusali na kufunga yalikuwa mazito midomoni mwetu. Wateja walinitazama kwa shaka waliponiona na rozari, na katika jumuiya wengine walitaka tusitaje kufunga kabisa. Mimi sikuwa na maelezo ya kiteolojia. Niliwaeleza tu habari ya chupa tupu, ambayo sikuwa nimewahi kumweleza yeyote, nikasema kwamba nami niliwahi kusali vizuri sana usiku ule ule ambao mtoto alilala na njaa kwa ajili yangu. Tulikubaliana kwamba atakayefunga Ijumaa, thamani ya chakula alichojinyima ifike kwenye nyumba fulani kabla jua halijazama, na mimi ndiye ninayepima.

Sitaki msomaji afikiri kwamba hasira imekwisha. Yupo mtu mmoja, fundi wa umeme, aliyenikopa shilingi 3,200 kwa maneno matamu, akahama usiku, nasikia yuko Mtwapa na anaendelea vizuri. Yumo ukurasa wa nne. Hali yake naijua, wala si mhitaji, na sijampigia mstari. Leo alfajiri ilikuwa zamu ya ukurasa huo. Nilisali Baba Yetu kama alivyosoma mama yangu, nikafika kwenye wadeni wetu, nikakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka mtu akagonga dirisha akitaka majani ya chai.