Tunalipia habari za Ujerumani, basi tuzidai ziwe za haki

Ukihamia Ujerumani na kuandikisha anwani yako manispaa, barua ya mchango wa redio na televisheni haichelewi kukufikia. Ni euro 18.36 kwa mwezi, na kwa kawaida unadaiwa ya miezi mitatu kwa mpigo: 55.08. Kusema huna televisheni hakukusaidii, maana tangu 2013 inayodaiwa ni nyumba, si kifaa. Wenzetu wengi huitupa barua hiyo wakidhani ni tangazo la biashara. Msiitupe, deni halifutiki.

Wenyeji wengi hulipa kwa kinyongo. Huyu atakwambia ARD na ZDF, vituo vya umma vinavyoendeshwa kwa mchango huo, wameegemea mrengo wa kushoto, yule atalalamika kwamba AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, wanapewa muda mno. Mimi naangalia kwanza nani anamteua na kumwondoa mhariri. Wanazi waliigeuza redio kuwa kipaza sauti chao, ndiyo maana baada ya vita utangazaji ukawekwa mbali na mikono ya serikali. Hata hivyo wanasiasa walibaki ndani ya bodi zinazosimamia vituo hivyo. Mwaka 2009 mhariri mkuu wa ZDF, Nikolaus Brender, alinyimwa mkataba mpya baada ya wajumbe wa bodi wa upande wa CDU, chama cha kihafidhina, kumkataa, Roland Koch, waziri mkuu wa jimbo la Hesse wakati huo, akiwa mstari wa mbele. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na mwaka 2014 ikaamua kwamba wanasiasa na watu wa serikali wasizidi theluthi moja ya wajumbe wa bodi. Uamuzi ule nauheshimu sana.

Lakini kuna upendeleo usiotokana na amri ya mtu yeyote, na huo unatuumiza sisi wahamiaji. Usiku wa kuamkia 2016, wanawake wengi walidhalilishwa na kuibiwa karibu na stesheni kuu ya treni ya jiji la Köln, na watuhumiwa wengi walikuwa wageni. Tarehe 4 Januari, taarifa ya habari ya ZDF ya saa moja jioni haikuigusa habari hiyo. Baadaye wenyewe walikiri wamekosea. Ukimya ule uliwapa nguvu wanaodai kwamba habari zinafichwa ili kutulinda. Sisi hatukuomba kufichiwa aibu ya mhalifu tusiyemjua! Habari itoke siku ileile, na mgeni ahojiwe pia kama shahidi au mtaalamu, si kila mara kama mtuhumiwa.

Oktoba 2025, Mahakama Kuu ya Utawala ya Leipzig ilisema mchango utakosa uhalali iwapo tu vipindi vya vituo hivyo, kwa ujumla wake, vinakosa uwiano wa maoni kwa kiwango kikubwa na kwa muda mrefu. Kulithibitisha hilo ni kazi nzito. Kwa mlipaji wa kawaida, njia iliyo wazi ni kuiandikia bodi ya kituo, na huhitaji uraia. Taja kipindi, tarehe na saa, ueleze kilichopotoshwa, kisha udai majibu kwa maandishi.