Siku Moja Maishani Mwangu: Gia Tano Ndani ya Mustang ya 1966

Saa 1:00 asubuhi

Gari lililo mbele yangu leo ni Ford Mustang ya mwaka 1966 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289. Kazi niliyopewa ni kuitoa giaboksi yake ya gia nne na kufunga mahali pake T-5 ya gia tano, aina iliyotumika katika Mustang za V8 za miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gari lilipandishwa kwenye lifti jana jioni ili bomba la moshi lipoe na oili ya zamani ichuruzike hadi tone la mwisho.

Kabla ya kushika spana, ninakaa na mwenye gari nimweleze anachokipata na asichokipata. Giaboksi ya zamani, ile ambayo mafundi huiita Toploader, si mbovu. Kasha lake ni la chuma cha kalibu, na kwa nguvu tupu inaishinda T-5 yenye kasha la aluminiamu. Kinachoipungukia ni gia ya tano tu. Gia yake ya nne ina uwiano wa 1.00, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) huzunguka sawa na injini, na kwa kuwa difu ya gari hili ni ya 3.50, yaani propela huzunguka mara 3.5 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, injini huzunguka takriban mara 2900 kwa dakika katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hali inayochosha masikio na kula mafuta katika safari ndefu. Gia ya tano ya T-5 ina uwiano wa 0.68, hivyo kwa mwendo huohuo injini hushuka hadi chini kidogo ya 2000. Gia ya kwanza nayo inatoka 2.78 hadi 3.35, na gari litaondoka kwa wepesi zaidi. Kuhusu uimara, T-5 za mwisho kutumika katika Mustang hizo za V8 zilikadiriwa kubeba msokoto wa takriban Nm 407, na injini hii yenye kabureta ya midomo miwili ilitangazwa na kiwanda kuwa na Nm 382. Kwa mtu anayesafiri, hiyo inatosha; kwa mtu anayetaka kushindana kwa matairi mapana ningemshauri atafute giaboksi nzito zaidi, na ningemwambia hivyo hata kama angeondoka na gari lake.

Saa 2:00

Kufungua ni kazi ya haraka. Propela inatoka kwanza baada ya kuwekewa alama kwenye kiungo chake na difu, kisha waya wa spidomita, fito za gia, stata, boriti inayobeba giaboksi, na mwishowe giaboksi yenyewe, ambayo pamoja na uzito wake wa karibu kilo 50 tunaishusha kwa jeki maalumu. Kila bolti inaingia katika mfuko wenye jina. Msimamo wangu katika magari ya zamani ni kwamba hakuna kitu kitakachokatwa wala kuchomelewa pasipo lazima, ili yeyote atakayelimiliki baadaye aweze kulirudisha lilivyotoka kiwandani kwa spana tu. Gari hili linaruhusu hivyo, kwa sababu mkono wa gia wa T-5 unaangukia karibu kabisa na tundu la asili la sakafuni.

Saa 3:30

Klachi imetoka. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, ina madoa ya bluu ya joto lakini haina ufa, na ninampa kijana ninayemfundisha aipeleke kwenye mashine ikachongwe uso. Pailoti beringi iliyo mwishoni mwa krankishafti, shafti kuu ya injini, ninaibadilisha hata bila kuipima, kwani bei yake haina uzito wowote mbele ya kazi ya kuifikia tena. Flaiwili ikirudi, bolti zake zinakazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa msalaba.

Saa 5:00

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo wengi huiruka, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama giaboksi hii itaishi miaka mingi au itaanza kulia kabla mwaka haujaisha.

Ncha ya shafti ya mbele ya giaboksi hukaa ndani ya pailoti beringi, yaani ndani ya krankishafti. Upande wa nyuma wa shafti hiyohiyo hushikwa na beringi ya giaboksi, na mahali giaboksi inapokaa huamuliwa na tundu kubwa la duara lililo katika kasha la klachi. Ikiwa kitovu cha tundu hilo hakilingani na kitovu cha krankishafti, shafti hulazimika kujipinda katika kila mzunguko: gia huingia kwa ugumu, nyingine huchomoka zenyewe, na beringi hufa mapema. Kwa T-5 za kisasa kiwango kinachokubalika ni kidogo mno: mwendo wote wa sindano ya geji inayozungushwa ndani ya tundu hilo usizidi inchi 0.005, yaani takriban milimita 0.13. Toploader ya zamani ilivumilia makosa makubwa zaidi ya hayo bila kulalamika, na ndiyo maana fundi aliyezoea kazi za zamani hushangaa giaboksi mpya inapokataa kuingia gia.

Katika gari hili kuna sababu ya ziada ya kupima. Matundu ya bolti ya T-5 hayalingani na yale ya kasha la klachi la 1966, hivyo tunatumia bamba nene la aluminiamu la kuunganishia, na bamba hilo lina kosa lake dogo linaloongezeka juu ya kosa la kasha. Kwa hiyo ninafunga vyote viwili mahali pake, pamoja na lile bamba jembamba la chuma linalokaa kati ya injini na kasha, ninatoa plagi zote ili injini izunguke kwa mkono, kisha ninasimika geji ya saa kwenye flaiwili kwa sumaku na kuiacha sindano iguse ukingo wa ndani wa tundu.

Sindano inatembea milimita 0.30. Kijana ananiuliza, "Fundi, hilo si ni pengo la unywele tu? Bolti hazitalivuta?"

Ninamjibu, "Bolti zitabana kasha, mwanangu, hazitasogeza kitovu. Shafti itaingia imepinda na itabaki imepinda."

Usomaji wa geji ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo kasha limekaa pembeni kwa milimita 0.15. Dawa yake ni pini za kuelekeza zilizochongwa kando ya kitovu, ambazo huuzwa kwa vipimo vya inchi 0.007, 0.014 na 0.021. Ninachagua zile ndogo, ambazo ni sawa na milimita 0.18, ninazigonga mahali pa pini za asili nyuma ya injini, ninazizungusha zote mbili zielekee upande uleule ambako kasha linatakiwa kwenda, na kufunga tena. Sindano sasa inatembea milimita 0.06. Ninapima pia uso wa bamba, kwa kuwa kasha linaweza kuwa katikati na bado likawa limeinama, na uso uko sawa. Kazi hii imekula mchana wetu, na sijutii dakika yoyote.

Saa 8:00 mchana

Klachi pleti inawekwa kwa shafti ya mfano ili ikae katikati, na presha pleti inakazwa kidogo kidogo kwa kuzunguka. T-5 ina uzito wa takriban kilo 34, nafuu kubwa kwa migongo yetu, na inapopandishwa juu inateleza hadi kugusa bamba bila kulazimishwa. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta. Giaboksi inayovutwa ndani kwa bolti hupasuka masikio yake au huharibu klachi pleti, na ikigoma ni lazima ishushwe na sababu itafutwe.

Saa 9:30

Boriti mpya inatumia matundu ya asili ya bodi. Ninaweka stendi chini ya ekseli ya nyuma ili springi zibebe uzito wa gari kama barabarani, kisha ninapima pembe: mkia wa giaboksi umeinama digrii 3.5, na pua ya difu imeinuka digrii 2. Pembe hizo zinatakiwa zikaribiane, zikitofautiana kwa digrii 1 au pungufu, la sivyo krosi za propela, yaani viungo vya ncha zake mbili, hazitafutiana mtikisiko wake na gari litatetema kwenye mwendo mkubwa. Kipande cha chuma cha milimita chache chini ya maunti, mpira unaobeba giaboksi, kinaunyanyua mkia hadi digrii 2.5. Nira ya propela ya zamani, yaani kichwa chake kinachoingia mkiani mwa giaboksi, ina meno 28 kama T-5, na propela yenyewe inaingia ikibakiza nafasi ya milimita 22 ya kuteleza, hivyo hatukati.

Saa 10:30

Oili ninaimimina mwenyewe. T-5 hii ina sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) zenye utando wa nyuzi, na inatumia oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki aina ya Dexron, takriban lita 2.6. Oili nzito iliyokuwa ndani ya Toploader ingezifanya gia ziingie kwa kukwaruza, na mafundi wenye nia njema huimimina kwa mazoea. Fito za klachi ni zilezile za kiwandani, ninazirekebisha hadi pedali iwe na mchezo wa karibu milimita 25. Kigia kidogo cha plastiki cha spidomita kinabadilishwa kulingana na difu.

Saa 12:00 jioni

Barabarani, gia ya kwanza hadi ya nne zinaingia kwa ncha za vidole, na ninapoingiza ya tano katika kilomita 90 kwa saa sauti ya V8 inashuka na kutulia. Hakuna mtetemo, na spidomita inalingana na kasi inayoonyeshwa na simu kwa tofauti ya kilomita 2. Tukirudi, ninatazama chini kama kuna uvujaji, kisha ninampa mwenye gari maelekezo: kwa kilomita 800 za mwanzo aendeshe mjini kwa upole ili klachi ikae vizuri, asiingize gia ya tano chini ya kilomita 70 kwa saa, na arudi tukaze bolti za boriti na kutazama upya mchezo wa pedali. Toploader yake imefungwa ndani ya sanduku la mbao, pamoja na fito zake za gia, boriti ya zamani na pini mbili za asili zilizotolewa nyuma ya injini.