Siku Tuliyomlilia Jim Reeves

Juzi, katika supamaketi moja hapa Nakuru, Krismasi ikiwa bado mbali lakini spika zikiwa zimeshaanza, mjukuu wangu alisikia sauti nzito ya kiume ikiimba habari za kengele na theluji, akaniuliza kama mtu huyo angali hai. Nilimjibu kwamba huyo ni Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, na kwamba alifariki mwaka 1964. Alinitazama kana kwamba namtania, kisha akageukia peremende. Mimi nilibaki nimesimama huku watu wakinipita kwenye foleni, kwa sababu kwetu Ol Kalou swali hilohilo lilichelewa kuulizwa kwa miaka 12.

Albamu yenyewe ni Twelve Songs of Christmas, iliyotoka mwaka 1963. Baba aliipata pamoja na gramafoni kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akihama, na kwa kuwa ndiyo santuri pekee tuliyokuwa nayo kwa muda mrefu, haikungojea Desemba. Jalada lake lilishikizwa kwa plasta ya hospitali. Juu ya kichwa cha sindano baba alikuwa amegandisha sarafu ya senti kumi, ili sindano iwe nzito na isiruke ikifika penye mkwaruzo. Umeme haukuwepo, mashine ilitumia mawe ya redio, yaani betri, ambayo yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, na yakichoka zaidi sauti ya mwimbaji ilizidi kuzama hadi ikawa ya fahali.

Wanaodhani muziki wa kantri ni banjo na kofia pana hawajaisikia albamu hii. Huko Nashville, mji wa Marekani ulio makao ya muziki huo, mtayarishaji wake Chet Atkins na wenzake walikuwa wamekwisha kuziweka kando fidla za kijijini na kuleta waitikiaji na ala za sauti laini, naye Reeves, ambaye aliwahi kuwa mtangazaji wa redio, alisogea karibu kabisa na maikrofoni akaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Upande wa kwanza una shamrashamra, na wa pili unaelekea kanisani hadi kuishia na Silent Night. Nyanya, ambaye hakujua Kiingereza, alizitambua nyimbo za upande huo kwa mahadhi, kwa kuwa nyingine tuliziimba katika kanisa letu la Presbiteri, akaamua kwamba mwimbaji ni mcha Mungu, akawa anamwita Jimi kama kijana wa jirani. Ile polka ya upande wa kwanza, wimbo wa kuchezea dansi, alimsamehe.

Krismasi ya mwaka 1976 baba mdogo alikuja kutoka Nairobi. Tulikuwa tumemaliza kula, masufuria yamesukumwa ukutani, na santuri ilikuwa imefika mwisho wa upande wa pili. Mawe yalikuwa yamechoka na wimbo ulijikokota. Nyanya akasema, bila kumlenga yeyote, kwamba Jimi leo amechoka.

Baba mdogo akacheka. "Mama, huyu alikufa zamani. Alikufa hata hawa watoto hawajazaliwa."

Akaendelea kutueleza kwa ule utulivu wa mtu aliyesoma gazeti ambalo wengine hawajalisoma. Reeves alikuwa akirusha mwenyewe ndege ndogo, tarehe 31 Julai, pamoja na mpiga piano wake, wakakutana na dhoruba ya radi karibu na Nashville. Albamu tuliyokuwa tukiisikiliza aliwahi kuiona Krismasi moja tu. Baba aliinuka akanyanyua sindano kwa vidole viwili, lakini sahani iliendelea kuzunguka polepole chini yake, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Nyanya alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hakukiweka chini wala hakukinywa.

"Walimpata?" akauliza.

"Baada ya siku mbili, msituni. Watu wengi walimtafuta."

"Wakamzika wapi?"

"Kwao Texas."

"Afadhali," nyanya akasema.

Alipolisema neno hilo machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Akauliza kama marehemu aliacha mke. Akaambiwa ndiyo, anaitwa Mary. Watoto? Hakuacha. Hapo akavuta leso akajifunika uso. Baba mdogo, ambaye sasa alikuwa ameishiwa na kicheko, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mama, mzungu?" Baba akamtazama mara moja tu, na baba mdogo akatoka nje akidai anakwenda kuangalia mbuzi. Ndipo tukaamriwa kusimama, tukamwombea Mary wa Texas, aliyefiwa na mumewe miaka 12 kabla, sala ndefu ambayo chai yote ilipoa ndani yake.

Babu alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, ile ya serikali ya kikoloni ya Waingereza ya miaka ya 1950, akapelekwa kizuizini, na hakurudi. Hatukuletewa mwili, wala hatukuonyeshwa kaburi. Jina lake halikutajwa mezani siku hiyo, kama ambavyo halikutajwa siku nyingine, nami nilikuwa mdogo mno kuunganisha mambo. Niliyaunganisha baadaye sana, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, na tangu hapo siwezi kulisikia lile "afadhali" kwa namna nyingine.

Dada yangu, ambaye alikuwepo na ana kumbukumbu nzuri kuliko yangu, hakubaliani nami. Anasema nyanya alimpenda tu yule mwimbaji, akasikia amekufa, akalia. Na kwamba ni sisi tuliosoma ambao hatuwezi kumwachia mwanamke mzee machozi yake bila kuyatafutia maana nyingine. Anauliza pia kwa nini, kama ni babu aliyemlilia, hakuomba hata siku moja tumwombee babu kwa sauti. Sina jibu la hilo. Ana hoja nyingine pia, nami siwezi kuikana: Krismasi iliyofuata, baba alipotaka kuanza moja kwa moja na upande wa pili kwa heshima ya marehemu, nyanya ndiye aliyemzuia, akataka ianzwe mwanzo, polka na yote, na mawe mapya yanunuliwe.