Usiniulize mkoba, niulize mkanda

Hazipiti wiki nyingi kabla dada mmoja wa kundi letu la Watanzania wa Houston hajanitumia picha ya mkoba. Ngozi nzuri, zipu ya siri pembeni, na ndani mfuko wa kuwekea bastola. "Dada, huu vipi?" Namjibu asinunue. Wengine wanaona nina roho mbaya, maana mimi mwenyewe nabeba bastola, na Jumamosi nikiwa sina zamu hospitalini utanikuta reinji, uwanja wa kulengea shabaha. Leo naandika yote kwa mkupuo mmoja ili siku nyingine nitume linki tu.

Mkoba haukai mwilini. Mgahawani unawekwa chini ya meza, dukani unakaa kwenye toroli, nyumbani unatupwa kwenye kochi, na nyie wenye watoto mnajua ni nani huwa wa kwanza kuupekua akitafuta pipi. Desemba 2014, mji wa Hayden, Idaho, mama mmoja alikuwa Walmart na mkoba wa aina hiyohiyo mnaonitumia, wenye mfuko maalumu wa silaha. Mwanawe wa miaka 2, aliyekuwa amekaa kwenye toroli, akafungua zipu, akaifikia bastola, ikalia. Mama akafa palepale dukani. Alikuwa na kibali na alikuwa mzoefu wa silaha. Tena kibaka akiukwapua mkoba wako, hajaondoka na simu na kadi za benki peke yake.

Kwa hiyo bastola inakaa kiunoni, na kiunoni panahitaji mkanda. Hapa ndipo watu wanapofanya ubahili. Mtu anatoa dola 500 na ushee kununua Glock 19, halafu anaifunga kwa mkanda wa jinzi wa dola 12. Ikiwa na risasi zake 15, hiyo bastola inakaribia gramu 850. Mkanda laini unapinda, bastola inalala upande, suruali inashuka, na kutwa nzima utamwona mwenye nayo akijishikashika kiunoni kama aliyesahau kitu. Ukitaka kumjua mtu aliyebeba kwa mara ya kwanza, mwangalie mikono. Mkanda wangu ni wa inchi moja na nusu, una utepe mgumu katikati ya nguo mbili, hauna urembo wowote. Wanaouona wanadhani ni wa kufungia mzigo.

Holsta nayo, yaani ala ya bastola, isiwe ya kitambaa. Chukua ya plastiki ngumu, kydex, iliyofinyangwa kwa bastola yako hasa, inayofunika triga yote. Ya kitambaa ukishachomoa silaha mdomo wake unajikunja, na wakati wa kurudisha, mkunjo ule au kamba ya koti inaweza kuingia kwenye triga. Mazoezini kurudisha ndiko kunakotaka utulivu kuliko kuchomoa. Mimi naangalia holsta kwa macho, naondoa blauzi kwa mkono wa kushoto, ndipo narudisha, polepole. Vijana wa reinji wanacheka, wanarudisha kwa mbwembwe kama kwenye sinema. Wacheke. Zamu za usiku nimepokea watu waliojipiga risasi ya paja.

"Na nikivaa gauni?" Kuna mikanda ya tumbo yenye kydex ndani yake, inafanya kazi chini ya gauni pana, ila kuchomoa ni kwa shida na lazima uizoee ikiwa tupu kabisa, nyumbani, risasi ziko chumba kingine. Nikivaa gauni la kwendea harusini nikajifunga na khanga juu, bastola inabaki kwenye sefu. Hakuna sheria inayonilazimisha kubeba kila siku.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, ila msiruke. Tangu Septemba 1, 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila leseni, kama hana katazo lingine. Hapo kwenye "katazo lingine" ndipo wenzetu wanapoumia. Mwenye green card hana shida. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza silaha na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kwa mfano akiwa na leseni halali ya kuwinda. Na katazo hilo linagusa hata ile ya kukodi reinji kwa saa moja ili upige picha ya Instagram. Mdogo wangu uliyekuja kusoma, usijitie matatani kwa ajili ya picha. Halafu soma mabango ya milangoni. Kazini kwetu kuna la 30.06, kifungu cha sheria ya Texas kinachomkataza mwenye leseni kuingia na bastola aliyoificha, kwa hiyo siku ya zamu silaha yangu hailali kwenye gari, inabaki nyumbani. Gari si sefu.

Sasa masikio. Nilipitia JKT, na tulipopelekwa kulenga shabaha na bunduki za SMG hakuna aliyetuuliza habari ya masikio. Tulirudi hangani yakivuma, tukaona ndiyo ukakamavu. Mlio wa bastola ya milimita 9 unafika karibu desibeli 160, na kuanzia 140 sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja tu. Kilichokufa ndani ya sikio hakirudi. Ndani ya reinji ya paa mimi navaa vikinga masikio viwili: vya sponji ndani, na juu yake vile vya elektroniki vinavyokata mlio na kuacha sauti ya mwalimu ipite. Vya sponji uvisokote vyembamba, uvute sikio kwa juu, uingize, ushikilie mpaka vijae. Wengi wanavibandika tu mlangoni mwa sikio. Miwani ya kinga nadhani sina haja ya kuhubiri. Ganda la risasi likikuingia kwenye blauzi likiwa la moto, utajua mwenyewe kwa nini tunavaa pia shati lililofungwa shingoni.

Jambo jingine ambalo maduka hayalisemi sana ni vumbi. Reinji ya ndani ina vumbi la madini ya risasi, yaani ledi, ambayo ni sumu, linakaa mikononi, kwenye nywele, kwenye soli. Hapo hakuna kula wala kunywa. Ukitoka nawa kwa sabuni na maji ya baridi, viatu viache nje, nguo zifuliwe peke yake. Mwenye mtoto anayetambaa au mwenye mimba, hili ni kubwa kuliko holsta.

Tochi ni kitu ninachotumia kila siku, bastola sijawahi kuihitaji nje ya reinji, na naomba ibaki hivyo. Nataka tochi ya mkononi, ndogo, inayoingia mfukoni. Najua kuna zile za kufunga chini ya mtutu na zinapendeza. Lakini ukimulika nazo kujua nani anagonga gonga jikoni saa nane za usiku, umeshamwelekezea mtutu, na anaweza kuwa mwanao anatafuta maji. Awe nazo mwenye nazo, ila ya mkononi itangulie.

Suruali za mifuko kumi, kofia zenye velkro, mabegi ya rangi ya mchanga yenye mikanda kila upande: sina ugomvi nayo, nayo ni mitindo kama mitindo mingine. Ila yanamtangazia kila mtu sheli kwamba una silaha. Mimi napenda wanione mama wa Kiswahili aliyenunua maziwa. Na tafadhali, wenye tabia ya kutuma zawadi nyumbani, msitume nguo za mabakamabaka. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Utampeleka shemeji yako polisi kwa kofia ya dola 15.

Nimekiacha mwisho kifaa ninachokithamini kuliko hivyo vyote: tonikei, ule mkanda wa kukaza kiungo damu isimwagike. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika tano, kabla gari la wagonjwa halijakunja kona. Aliyekuja reinji na mia mbili za risasi bila tonikei, sipigi shabaha karibu naye. Nunua ya aina ya CAT, halisi, kama dola 30. Mtandaoni zimejaa za bandia za dola 6, na kijiti chake cha kuzungushia kinavunjika pale hasa unapokaza. Toa kwenye nailoni ukiwa nyumbani, ipange tayari kuvaliwa, iweke pale mikono yote miwili inapofika. Funga inchi mbili tatu juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti au kiwiko, zungusha kijiti mpaka damu isimame, funga, andika saa kwenye kile kibandiko cheupe. Mgonjwa atapiga kelele, itauma sana, usilegeze. Kuna mafunzo ya kuzuia damu yaitwayo Stop the Bleed, yalianzishwa 2015, mengi ni bure, hayamalizi hata nusu siku.

Nikisafiri kwenda Dar, begi la reinji haliguswi. Naenda na sanduku ambalo halijawahi kubeba risasi hata moja, maana risasi moja iliyojificha kwenye pindo inatosha kukuweka na maofisa wa uwanja wa ndege mpaka ndugu zako waliokuja kukupokea wachoke. Katika vifaa vyangu vyote, vinavyopanda ndege nami ni tonikei na glavu. Binamu yangu anaendesha bodaboda Mbagala, na ajali za huko mnazijua. Nilimpelekea mbili, nikamfundisha sebuleni kwa shangazi, akajifunga mguu mpaka akaomba poo. Moja anatembea nayo kwenye kimkoba cha kiunoni, kwa sababu nilimkataza kuiacha juani kwenye pikipiki, plastiki inachoka. Ya pili kaichukua mwenyekiti wa kijiwe chao. Sasa wananiagiza nyingine, na binamu kaongeza: "Dada, na ile tochi."